Chuma cha zamani, hela ndogo, siku ya sakiti: uanzie wapi

Mtu akishapata supabaiki yake ya zamani hapa Dar, iwe Honda CBR600 ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, Yamaha R6 ya 1999 au zile za cc 400 za Japani, kitu cha kwanza anachouliza karibu kila mara ni ekzosi. Ekzosi gani ina sauti, filta gani inaongeza nguvu, nani anajua kufungua injini. Ukimuuliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini anabaki anakutazama. Naandika hii kwa sababu inaniuma kuona watu wanamalizia hela kwenye nguvu wakati chuma chenyewe, yaani pikipiki, hakisimami vizuri, na pia kwa sababu kwenda sakiti, uwanja wa mbio wa lami, kwa bajeti ndogo inawezekana kabisa, ila utaratibu wa kutumia hiyo hela ndo unaamua kama utarudi na pikipiki nzima au utarudi na vipande.

Kwanza tuelewane siku ya sakiti ni nini, maana wengi wanadhani ni mashindano. Hakuna kombe. Unalipa, unakaguliwa pikipiki na mavazi, mnagawanywa makundi kwa uwezo, wanaoanza peke yao, wa kati peke yao, wenye kasi peke yao, halafu kila kundi linaingia kwa dakika kama 15 au 20 hivi linatoka linaingia lingine. Kuna bendera na lazima uzijue: ya njano ina maana kuna hatari mbele na usimpite mtu, nyekundu kipindi kimesimamishwa, nyeusi wanakuita wewe utoke, ile ya miraba muda umeisha. Uzuri wake ni kwamba wote mnaenda upande mmoja, hakuna bajaji inayokata kona bila taa, hakuna mtu anavuka, na ukianguka kuna nafasi ya kuteleza mpaka usimame.

Sisi hapa hatuna sakiti ya lami ya kudumu kama Kyalami ya Afrika Kusini, ile iliyoko katikati ya Johannesburg na Pretoria, yenye urefu wa kilomita 4.5 hivi, au Phakisa kule Welkom ambako MotoGP, mashindano ya dunia ya pikipiki, ilikuwa inaenda kuanzia 1999 mpaka 2004. Kwa hiyo mtu wa Dar anayetaka kitu hiki kwa kweli ana njia chache: washkaji wakodi eneo la lami lililofungwa kwa ruhusa, au chuma kipakiwe kwenye lori kiende kusini, au uende mwenyewe ukodi pikipiki huko huko. Njia ya nne ambayo wengi wanaitumia ni Barabara ya Bagamoyo saa saba usiku, na hiyo mimi siiungi mkono hata kidogo, tumeshazika vijana wa kutosha. Yote nitakayosema hapa chini ni kwa ajili ya lami iliyofungwa.

Sasa kwa nini nguvu ije mwisho. Chukua Suzuki SV650, ina hospawa kama 70 tu, na R6 ya kwanza Yamaha wenyewe walisema inafika 120. Hata hiyo ya 70 kwenye eneo lenye kona nyingi, mtu anayeanza hawezi kuitumia yote, kwa sababu muda mwingi wa mzunguko anautumia akiwa anapunguza, analala kwenye kona au anasubiri kona iishe ili afungue mafuta. Ukiongeza hospawa tano umeongeza kitu kwenye sehemu moja tu, ile ya mnyooko, na ukifika mwisho wa mnyooko umefika na kasi zaidi kwenye breki zilezile za miaka 20. Na kasi haiongezeki bure, ile nishati inayotakiwa kumezwa na breki inapanda kwa mraba wa kasi, yaani chuma kile kile kikiwa 200 kwa saa breki zina kazi mara 16 ya kikiwa 50 kwa saa. Siyo mara nne. Mara 16, na kazi yote hiyo inageuka kuwa joto kwenye diski, pedi na mafuta ya breki, tena kila mzunguko.

Kwa hiyo unachonunua kwa hela yako ndogo ni chuma kinachofanya kitu kilekile mzunguko wa kwanza na wa kumi. Lever ya breki isibadilike, tairi isibadilike, shokapu isibadilike. Ukiwa na hicho kitu kichwa chako kinatulia, na ukitulia kasi inakuja yenyewe bila kununua chochote.

Kabla hujanunua pikipiki yenyewe, kama bado, angalia saizi ya tairi. Hili watu hawalifikirii kabisa. Zile 400 za Japani ni nzuri sana, na zipo nyingi kwa sababu leseni ya kati ya Japani inaishia cc 400, ndo maana Honda, Yamaha, Kawasaki na Suzuki wote walizitengeneza kwa wingi, na nyingi zinaishia hospawa 59 au 53 kwa sababu makampuni yalikubaliana yasizidishe hapo. Lakini mfano Honda VFR400R ile ya NC30 ina ringi ya nyuma ya inchi 18, tairi 150/60, na kutafuta tairi ya maana ya saizi hiyo ukiwa Dar utajua hujui. Pikipiki inayotumia 120/70 mbele na 160/60 au 180/55 nyuma, zote za inchi 17, inakuweka kwenye saizi ambazo kila kampuni kubwa inatengeneza, na mtu yeyote anayetoka Dubai au Afrika Kusini anaweza kukubebea. Tofauti ya bei ya kununulia chuma inaweza kumezwa yote na usumbufu wa tairi.

Haya, chuma kipo. Hatua ya kwanza haina raha lakini ndo inayobeba zote zilizobaki, nayo ni kurudisha kila kitu kilivyokuwa kinatakiwa kuwa. Pikipiki ya miaka 20 iliyokaa Dar imekula chumvi ya bahari, hata kama ulikuwa unakaa Mbezi na siyo Kigamboni, hewa yetu ina unyevu na chumvi na inapenda sana soketi za umeme na beringi. Inua tairi ya mbele, shika shokapu kwa chini uzivute mbele nyuma, kama kuna mchezo beringi za shingo zimelegea au zimekwisha. Zungusha hendeli taratibu kushoto kulia, ikiwa kuna sehemu inakwama katikati kama imeingia kwenye shimo basi beringi zimechimbika, na ukienda nazo sakiti pikipiki itakataa kushika mstari kwenye kona na wewe utadhani ni tairi. Fanya hivyo hivyo kwa beringi za ringi na za swingi-amu, ule mkono unaoshika tairi ya nyuma. Beringi za ringi nyingi ni saizi za kawaida, namba imeandikwa ubavuni, unaenda Kariakoo na ile ya zamani mkononi unanunua, ila nunua ya kampuni inayojulikana na uikague vizuri maana feki zipo nyingi mno, bei ikiwa ya ajabu jua na yenyewe ni ya ajabu.

Umeme nao, hasa Honda na Suzuki za kipindi kile, kile kifaa cha kurekebisha chaji kinajulikana kwa kuungua. Weka mita kwenye betri, injini ikiwa kwenye mizunguko 5000, unataka volti 13.5 mpaka 14.5 hivi. Ikiwa 12 betri inakufa taratibu, ikiwa 16 inachemka. Wengi wanafunga kile cha aina ya mosfeti kilichotoka kwenye pikipiki mpya zaidi kikiwa used, kinatoa joto kidogo na kinakaa, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na hasara ya kusukuma chuma katikati ya siku uliyoilipia.

Breki ndo sehemu ambayo hela ndogo inaleta mabadiliko makubwa kuliko popote. Mafuta ya breki ya DOT 4 yanavuta maji kutoka hewani, ndivyo yalivyo, na Dar hewa yenyewe ni maji. Yakiwa mapya kiwango kinataka yasichemke chini ya nyuzi 230, yakishavuta maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango kinakubali yashuke hadi 155. Sasa fikiria ile kazi mara 16 inaenda wapi. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na lever inakuja mpaka kwenye hendeli bila kusimamisha kitu. Chupa ya DOT 4 nzuri au DOT 5.1 ambayo haijafunguliwa ni hela ya chakula cha siku chache tu, na 5.1 mpya inavumilia mpaka 260. Ila kuwa makini na DOT 5 yenyewe bila nukta moja, hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi na usiiweke kabisa. Chupa iliyokaa imefunguliwa gerejini tangu mwaka juzi nayo itupe, imeshakunywa unyevu wote wa mtaa.

Baada ya hapo fungua kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Pistoni zake zinakaa ndani ya sili za mpira, na kwenye ule mfereji wa sili kunakuwa na uchafu mweupe mgumu unaosukuma sili ikabane pistoni, matokeo yake pedi hazirudi na breki inapata moto hata ukiwa umeachia. Fundi mtulivu mwenye kitu chembamba cha kukwangulia anasafisha hiyo kazi kwa mchana mmoja, sili mpya unaagiza. Kisha mipira ya breki. Mipira ya kiwandani ya mwaka 2001 inavimba ndani ukibana, na ndo maana lever inakuwa laini, badilisha uweke ile iliyosukwa kwa waya wa stenlesi. Pedi weka za maana za matumizi ya kasi. Diski angalia pale pembeni, imechongwa namba ya unene wa chini unaoruhusiwa, pima kwa kalipa ya kupimia, chini ya hapo hakuna mjadala. Ukimaliza hayo yote bado hujanunua kitu chochote cha kifahari na tayari una breki ambazo mwenye kalipa za bei mbaya zenye mafuta ya zamani hana.

Tairi. Tazama ubavuni kuna namba nne za tarehe, mfano 2319 ina maana wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi iliyokaa dukani juani miaka sita siyo mpya hata kama vinyweleo bado vipo, mpira umekauka. Na tafadhali, usikimbilie tairi za mashindano zisizo na michirizi. Zinavutia kwa macho lakini zimetengenezwa kufanya kazi zikiwa na moto mkali, zinahitaji blanketi za umeme za kuzipasha kabla ya kuingia, na mpanda anayeanza hana kasi ya kuziweka kwenye hilo joto, kwa hiyo anapanda kwenye tairi ngumu baridi akiamini ana tairi bora kuliko wote. Hata zile zilizotumika zinazouzwa rahisi baada ya mashindano, kila zikipata moto na kupoa zinapoteza kitu, huwezi kukiona kwa jicho. Tairi nzuri za spoti za barabarani kama Bridgestone Battlax za mfululizo wa S au Pirelli Diablo Rosso zinashika tangu zikiwa vuguvugu na zinakutonya kabla ya kuachia. Hapa mimi ningetoa hata theluthi ya bajeti yote bila kuumia.

Upepo usinakili namba ya mtu. Kila kampuni ina namba zake za sakiti kwa tairi yake, mara nyingi chini kidogo ya zile za barabarani kwa sababu tairi ikipata moto upepo unapanda. Pima asubuhi tairi ikiwa baridi na ikiwa kivulini, jua la Dar likipiga upande mmoja wa tairi dakika ishirini tu mita inakudanganya, pima tena ukitoka tu kwenye kipindi, andika zote mbili.

Sasa shokapu, na hapa naomba utulie kwa sababu ndo sehemu ambayo watu wanachanganya mambo matatu yakawa moja, halafu wanazungusha skrubu mpaka chuma kinakuwa kibaya kuliko kilivyotoka kiwandani. Kuna ugumu wa springi yenyewe, kuna prilodi, na kuna dampingi. Ugumu wa springi ni kilo ngapi zinaibonyeza milimita moja, hiyo haibadiliki mpaka ununue springi nyingine. Prilodi ni kiasi springi ilivyobanwa kabla hata hujakaa, na watu wengi wanaamini ukiongeza prilodi springi inakuwa ngumu. Haiwi ngumu. Springi ni ileile, unachobadilisha ni pikipiki inakaa juu au chini kiasi gani ukiwa umepanda. Dampingi ni mafuta yanayopita kwenye vitundu kuzuia springi isirudi na kwenda ovyo, ribaundi ni wakati inarudi juu, kompresheni ni wakati inabonyea.

Anza na kupima inavyozama. Unahitaji futi kamba na watu wawili. Inua mbele mpaka shokapu zinyooke kabisa, pima kutoka ekseli mpaka sehemu moja juu ambayo haibadiliki, tuseme umepata milimita 600. Shusha, panda ukiwa umevaa mavazi yako yote, kaa kama unaendesha, mmoja akushikilie, mwingine apime tena, tuseme 545. Imezama milimita 55. Kwa sakiti mbele wengi wanalenga 30 mpaka 40, na nyuma 25 mpaka 35 hivi, kwa hiyo 55 ni nyingi mno, ukipiga breki kali shokapu zinagonga mwisho na tairi ya mbele inaanza kuruka badala ya kushika. Kwenye pikipiki nyingi za bei nafuu za zamani, SV650 za mwanzo ni mfano mzuri, ndani ya shokapu juu ya springi kuna kipande cha bomba kinachoibana. Ukikata kipande kirefu zaidi kwa milimita 15 kwa bomba gumu la PVC lenye kipenyo sahihi, na washa (vile visahani vya chuma vyenye tundu) juu na chini ili springi isikwangue plastiki, umeshapata 40. Wanafanya hivyo dunia nzima, gharama yake ni bomba la hadiwea.

Ila kuna pima ya pili ambayo inakuambia ukweli wa springi: pikipiki ikiwa imesimama yenyewe bila mtu, nyuma inatakiwa izame kidogo kama milimita 5 mpaka 10. Ukiwa umeshaweka sawa ile ya mtu akiwa amekaa, halafu bila mtu haizami kabisa, maana yake umebana sana springi laini ili ikubebe, springi ni laini mno kwa uzito wako. Ikizama sana bila mtu wakati ukikaa iko sawa, springi ni ngumu kuliko unavyohitaji. Inaonekana imegeuka lakini fikiria vizuri utaona. Kama wewe ni kilo 90 na chuma cha zamani bado kina springi za kiwandani, jibu utakalopata mara nyingi ni la kwanza, na hapo springi sahihi za mbele ni hela nzuri kuliko ekzosi yoyote duniani.

Mafuta ya shokapu za mbele yabadilishe bila kuuliza, mengi yakitoka ni meusi na yananuka, yamekuwa maji. Tumia uzito uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki na upime nafasi ya hewa juu ya mafuta, shokapu zote mbili zilingane kwa milimita, maana ile hewa nayo ni springi. Nyuma ndo shida, shokapu nyingi za kiwandani za hizi pikipiki za bei ya kati hazifunguliki kirahisi na zimeshakufa, ukibonyeza kiti inacheza juu chini mara tatu. Njia ya hela ndogo ni shokapu used kutoka supabaiki ya kiwango cha juu, wenye SV650 wanapenda za Suzuki GSX-R. Pima urefu kutoka tundu mpaka tundu kabla ya kulipa, na ujue ukiweka ndefu zaidi umeinua mkia, pikipiki inakuwa nyepesi kugeuka lakini inapoteza utulivu kwenye mnyooko. Milimita chache zinaonekana, usiongeze 20 kwa mkupuo ukadhani hakuna kitu.

Ulinzi wa kuanguka na kazi za mafundi wetu, hapa Dar tuna bahati. Stendi ya nyuma ya kuinulia pikipiki, fundi wa kuchomelea yeyote wa mtaa wa Gerezani anakutengenezea kwa bomba la chuma ukimpa kipimo. Vibano vya plastiki ngumu vya kulinda fremu, vipande vya kukerezwa vya kuongezea nafasi, sahani za kuhamishia sehemu za kukanyagia miguu zirudi nyuma na juu, hizo ni kazi za mashine ya kukerezea na alumini nzuri. Bodi ya faiba pia, mafundi wa boti wanaijua faiba kuliko mtu yeyote, wanachukua umbo kutoka kwenye bodi yako ya asili halafu ile ya asili unaiweka ndani, unaanguka na ya faiba. Sehemu ya chini ya bodi waifanye kama beseni, ikibeba oili ikimwagika isifike kwenye lami, sakiti nyingi wanataka hivyo hasa kwa mashindano. Ila kuna vitu ambavyo fundi hata awe bingwa usimpe: diski za breki, ekseli, vibano vinavyoshika shokapu za mbele, hendeli. Kitu kikikatika hapo hakuna cha kukuokoa, na chuma cha kawaida cha sokoni huwezi kujua ni cha aina gani.

Vioo, indiketa, stendi ya pembeni, namba, vyote vinatoka, taa zinazobaki zinafunikwa kwa tepu. Kizibo cha kumwagia oili na filta ya oili vifungwe kwa waya mwembamba wa stenlesi ili hata vikilegea visitoke, kizibo kinatobolewa kichwani kwa kekee ndogo kwenye mashine ya kutobolea. Na maji ya rejeta, toa kulanti ya rangi kabla ya kwenda, ina glaikoli na ikimwagika lami inateleza vibaya, sakiti nyingi zinaikataza. Sisi barafu haituhusu kwa hiyo maji yanatosha, ila yawe yale safi ya kuongezea kwenye betri, siyo yale makali ya asidi, na uchanganye na dawa ya kuzuia kutu. Maji ya bomba yana chumvi, yatakula alumini ndani.

Gia zako ni jambo fupi. Sproketi ya mbele ikishuka jino moja, tuseme kutoka 15 hadi 14 ukiwa na 45 nyuma, uwiano unatoka 3.00 unakuwa 3.21, ni kama asilimia 7, pikipiki inatoka kwenye kona kwa nguvu na kwenye sakiti fupi hukosi kitu. Sproketi moja ndogo, hela kidogo, na kwa hisia inaonekana kuliko ekzosi. Spidomita inaweza kuanza kudanganya kwenye baadhi ya pikipiki, lakini sakiti hakuna anayeangalia spidomita.

Injini sasa, tumefika. Kama ni ya kabureta na boksi lake la filta la asili, liache. Kabureta za aina hiyo zinatumia mvuto wa hewa kuinua pistoni yake ndogo, na boksi ni sehemu ya hesabu, ukitoa boksi ukaweka filta ndogo nne za rangi kila moja peke yake hesabu inaharibika, mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inachemka na inakosa nguvu katikati. Badala yake pima nafasi za vavu, linganisha kabureta zote nne zivute sawa, badilisha plagi, safisha filta, na angalia mipira midogo ya mafuta na ya vakyumu maana inapasuka kwa uzee. Injini ya miaka 20 ikirudi kwenye vipimo vyake mara nyingi inarudisha nguvu ambayo mtu alikuwa anataka kuinunua dukani. Oili iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2, klachi yetu inaogelea ndani ya oili hiyohiyo, na oili za magari nyingi zina dawa ya kulainisha inayofanya klachi iteleze. Ekzosi nyepesi inapunguza kilo kadhaa na hiyo ni faida ya kweli, ila iweke kwenye orodha ya mwaka kesho.

Na mwili wako uuhesabu kwenye bajeti hii hii. Helmeti mpya, yenye alama ya usalama ya ECE, usinunue used hata kama ni ya kampuni kubwa kwa sababu huwezi kuona ndani kama ilishagonga. Ovaroli ya ngozi used inaruhusiwa, na kwenye mitumba pale soko la Karume jaketi za ngozi zipo kila siku, lakini nyingi ni za kupendeza tu, ngozi nyembamba iliyoshonwa mshono mmoja, ikigusa lami kwa kasi inafunguka. Unatafuta ngozi ya ng'ombe ya unene kama milimita 1.2 au zaidi, mishono miwili, na juu na chini ziunganike kwa zipu kiunoni kuzunguka kote. Kinga ya mgongo iwe na alama ya EN 1621-2. Glovu na buti zisitoke ukivuta kwa nguvu, jaribu kuzivuta mwenyewe ukiwa dukani, zikitoka kwa mkono zitatoka na lami.

Siku yenyewe nenda na daftari. Maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani, ndani ya ngozi nyuzi 32 za Dar zinakumaliza, na mtu aliyeishiwa maji anakosea kona za mchana. Kipindi cha kwanza panda polepole kwa kujua njia. Ukitoka kagua pedi za breki kwa macho, angalia bolti za kalipa, angalia cheni inacheza kiasi gani, pima upepo. Kama kuna kitu unataka kubadilisha kwenye shokapu, hesabu kwanza kliki za skrubu ya kurekebishia zilizopo kutoka mwisho wa kukaza, uandike, kisha badilisha kliki mbili za kitu kimoja, labda ribaundi ya nyuma peke yake, uingie tena kipindi kizima. Ukigusa ribaundi na upepo wa tairi kwa pamoja na chuma kikabadilika, hutajua ni kipi kimefanya kazi, na kipindi umeshakilipia.